Kiongozi Anapoulizwa Mali Yake: Mwongozo Kamili kwa Mwananchi wa Dodoma

Miaka kadhaa iliyopita, katika kata mojawapo ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, diwani alionekana akishuka kutoka katika lori jipya la kubeba mchanga. Kabla jua halijatua, katika midomo ya watu lori lile lilikuwa limekuwa malori mawili, na ilipofika Ijumaa yalikuwa matatu, yakiwa na ghorofa linalojengwa Iyumbu. Mimi ni mhasibu mstaafu, nimekaa mji huu tangu enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), na katika kata hiyo nilikuwa na shamba dogo la zabibu, hivyo nilizisikia hesabu hizo zikikua siku hadi siku bila mtu yeyote kushika kalamu. Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima zote, msemo huo ungekuwa mhasibu ningeufukuza kazi siku ya kwanza, kwa sababu unamruhusu mtu kuandika deni kabla ya kuona stakabadhi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwananchi anayetaka kujua afanye nini pale ambapo diwani, mbunge, mkuu wa wilaya au waziri anaanza kutiliwa shaka kuhusu fedha zake binafsi. Mkazi wa Dodoma ana nafasi ambayo wengi hawana: Bunge, wizara katika Mji wa Serikali pale Mtumba, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma na TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa), vyote vinafikika kwa nauli ya daladala au bodaboda. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kuuliza.

Hatua ya kwanza: Tenganisha maswali yaliyofungwa katika kifurushi kimoja

Mtu anaposema "yule kala hela", anaweza kuwa anauliza mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kama kiongozi ana mali kuliko kipato chake halali. La pili ni kama amesema kweli kuhusu mali hiyo, kwenye karatasi na mbele ya watu. La tatu ni kama alitumia nafasi yake, au taarifa aliyoipata kwa sababu ya nafasi yake, kujinufaisha yeye au nduguze. Kiongozi anaweza kuwa tajiri na akapita katika yote matatu bila doa. Vilevile anaweza kuwa mtu wa nyumba ya vyumba viwili akaanguka katika la tatu.

Kwa Dodoma swali hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku moja kwa moja, bei za viwanja zilibadilika kwa namna ambayo hata sisi tuliokuwepo tulishangaa. Mtu aliyepata kiwanja Njedengwa au Mkonze miaka ya nyuma, wakati CDA ikigawa ardhi na watu wakisita kuichukua, leo anaweza kuonekana bilionea bila kuiba hata shilingi mia. Kwa hiyo ukubwa wa thamani ya ardhi ya kiongozi hausemi mengi. Kinachosema ni tarehe. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, yenye urefu wa kilometa 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, na kabla ramani yake haijajulikana kwa wananchi kulikuwa na watu mezani waliokwisha kuiona. Aliyenunua mashamba ya wakulima kandokando ya njia hiyo akiwa mmoja wa watu hao ana swali la kujibu, hata kama alilipa bei kamili na ana hati zote.

Hivyo andika swali lako katika sentensi moja, kisha uone linaangukia wapi. Likikataa kukaa katika sentensi moja, bado hujawa na swali, una hasira tu.

Hatua ya pili: Jua sheria inamdai kiongozi kitu gani

Wazee wengi wanapima viongozi wa leo kwa kipimo cha Azimio la Arusha la Februari 1967, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Kipimo hicho kililegezwa na uamuzi wa chama tawala, CCM, uliofanyika Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kuwa na biashara, hisa na nyumba za kupangisha, na mwananchi anayemlaumu kwa kuwa navyo tu analaumu kwa sheria ambayo haipo tena. Unaweza kuona kwamba masharti ya zamani yalikuwa bora, na mimi naona yalikuwa na busara fulani, lakini huwezi kumshtaki mtu kwayo.

Kilichochukua nafasi yake ni wajibu wa kutamka. Ibara ya 132 ya Katiba imeunda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995 inamtaka kiongozi awasilishe tamko la mali, maslahi na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Tamko hilo linagusa pia mali za mwenzi wake wa ndoa na za watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wanaohusika si mawaziri na wabunge peke yao. Wamo pia mameya, wenyeviti wa halmashauri na madiwani. Jambo hilo lilimshangaza hata diwani wetu wa lori, ambaye hadi siku tulipomuuliza alidhani fomu ile ni mambo ya wakubwa wa Bungeni.

Angalia pia mahali ambapo wajibu huo unaishia. Ndugu, shemeji, mtoto mwenye miaka 25 na rafiki wa utotoni hawamo katika tamko. Mali inayofichwa mara nyingi haifichwi ardhini, inafichwa katika majina ya watu hao, na ndiyo maana swali la "umetamka?" peke yake halitoshi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza mali zake hadharani alipoingia madarakani mwaka 1995, tendo lililompa heshima kubwa. Hata hivyo baada ya kustaafu kwake mwaka 2005 yaliibuka maswali mazito kuhusu biashara za kipindi alipokuwa Ikulu. Tamko la kuingia ni nusu ya daftari, nusu ya pili ni tamko la kutoka.

Hatua ya tatu: Fanya hesabu kabla ya kufungua mdomo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kesi nzuri.

Njia ambayo wahasibu hutumia kupima mali isiyoelezeka ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Unachukua alichokuwa nacho mtu siku ya kuingia madarakani, unaongeza alichopata kihalali, unaondoa alichotumia kuishi, kisha unalinganisha na alichonacho leo. Tofauti ndiyo pengo, na pengo ndilo swali.

Chukua mfano wa kubuni. Kiongozi anapokea shilingi milioni 4 kwa mwezi baada ya makato, kwa miaka 5. Hiyo ni milioni 240. Ana familia, ada za shule, misiba na michango ya harusi ambayo kiongozi hawezi kuikwepa. Tuseme nusu inaisha hapo, inabaki milioni 120. Katika kipindi hicho amejenga nyumba ya milioni 180 na kununua gari la milioni 70, jumla milioni 250. Kijiweni hesabu itaishia hapo: milioni 130 zimetoka wapi?

Kiongozi atajibu kwamba alikopa benki milioni 90, na wasikilizaji watapiga makofi wakidhani pengo limebaki milioni 40. Si kweli. Mkopo si kipato, ni fedha inayorudi ilikotoka ikiwa na riba. Kama katika miaka hiyo ameshalipa milioni 50 za mkopo wenyewe na milioni 20 za riba, malipo hayo yametoka katika mshahara uleule. Fuata fedha ilivyoingia na kutoka: zimeingia milioni 240 za mshahara na 90 za mkopo, jumla 330, zimetoka 120 za kuishi, 50 za kurejesha na 20 za riba, jumla 190. Zilizobaki za kujengea na kununulia ni milioni 140. Mali ni milioni 250, hivyo pengo bado ni milioni 110. Kiongozi akikuonyesha mkataba wa mkopo, mwombe kwa adabu na taarifa ya marejesho, kwa kuwa mkataba bila marejesho ni nusu ya jibu.

Sasa endelea upande wake pia, maana hesabu ya upande mmoja ni uonevu. Kanda ya kati mali nyingi haikai benki. Mzee wa Bahi au Chamwino anaweza kuwa na ng'ombe 200 wasioonekana katika karatasi yoyote, na akiuza 60 kwa wastani wa shilingi 700,000 anapata milioni 42 mnadani katika msimu mmoja. Akiuza na kiwanja alichokuwa nacho kabla ya uongozi kwa milioni 30, pengo linashuka kutoka 110 hadi 38. Milioni 38 bado ni fedha, lakini ni swali dogo kuliko lile la kijiweni kwa zaidi ya mara tatu, na mtu anayeuliza "hizi 38 zimetoka wapi?" akiwa na hesabu mkononi ni mgumu kupuuzwa kuliko anayepiga kelele za mabilioni.

Tahadhari moja katika kukadiria: tumia gharama aliyolipa mtu wakati ule, usitumie bei ya leo. Kiwanja kilichonunuliwa kwa milioni 2 ambacho leo kinauzwa milioni 60 kinaingia katika hesabu hii kama milioni 2.

Hatua ya nne: Tafuta karatasi zilizo wazi

Umiliki wa kiwanja chenye hati unaweza kuthibitishwa kwa kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati, kwa kujaza fomu na kulipa ada. Utapata jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama hati imewekwa rehani. Rehani hiyo ni taarifa muhimu sana, kwa sababu inaweza kuthibitisha kwamba mkopo unaotajwa upo kweli. Udhaifu wake ni kwamba ardhi nyingi pembezoni mwa jiji bado inauzwa kwa mkataba wa serikali ya mtaa, na hiyo huipati kwa msajili. Kampuni zinatafutwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ambako unaweza kuomba taarifa za wakurugenzi na wanahisa waliosajiliwa. Zabuni za serikali zinapita katika mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, na ukishajua jina la kampuni ya shemeji wa kiongozi unaweza kuangalia kama imekuwa ikishinda zabuni za halmashauri ileile.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa Bungeni baada ya hapo, hazitakuambia mali ya mtu binafsi. Zinakuambia halmashauri ililipa nini bila kufuata taratibu, na mwaka gani. Ukiweka hoja ya ukaguzi kando ya tarehe ya ununuzi wa mali, wakati mwingine hutokea jambo la kuulizwa, wakati mwingine hakuna kitu kabisa.

Kwa nyaraka nyingine za ofisi ya umma, kama mikataba, mihtasari na malipo, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Ombi linaandikwa, linataja taarifa inayotakiwa kwa kuieleza vya kutosha, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, inapaswa kutoa sababu. Usiitumie kuomba tamko la mali la kiongozi, kwani sheria inalinda faragha ya mtu na utapoteza mwezi mzima. Rejista ya matamko ipo kwa Kamishna wa Maadili, na kuikagua kunakwenda na masharti, likiwemo la kuwa na lalamiko la kweli lililowasilishwa kwa nia njema. Nimekuwa nikiona sharti hilo ni gumu kupita kiasi, kwa sababu linamtaka mtu alalamike kwanza ndipo aone kitu ambacho kingemwezesha kujua kama ana sababu ya kulalamika.

Hatua ya tano: Uliza kwa maandishi, kisha uliza mkutanoni

Andika barua fupi yenye tarehe, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Lugha yake iwe ya kawaida. Sisi kwenye kata ile tuliandika hivi:

"Mheshimiwa Diwani, sisi wakazi wa mtaa tuliosaini hapa chini tumesikia mazungumzo mengi kuhusu lori lililoanza kufanya kazi katika kata yetu mwezi Machi. Hatusemi kwamba limepatikana kwa njia isiyo halali. Tunaomba utueleze, katika mkutano ujao wa mtaa, ni nani mmiliki wake, lilinunuliwa kwa fedha gani, na kama limewahi kubeba mchanga au kokoto kwa miradi ya shule na zahanati inayosimamiwa na Baraza la Madiwani ambalo wewe ni mjumbe."

Hilo swali la mwisho ndilo lililokuwa moyo wa barua, na lilikuja kutoka kwa mama mmoja muuza mboga ambaye hakuwa na shughuli na thamani ya lori. Yeye alitaka kujua limebeba mchanga wa nani.

Mkutanoni, mwachieni mtu mmoja aulize, ikiwezekana mtu mzima anayeheshimika na asiyegombea cheo chochote. Akiuliza aliyeshindwa kura za maoni, swali lote litageuka kuwa la uchaguzi, na diwani atakuwa na haki ya kusema hivyo. Mama yetu alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Mwanangu Mheshimiwa, sikuulizi kwa ubaya, wewe nimekuona ukikua. Barua yetu umeipata. Tujibu." Hakuna kelele iliyopigwa, na ukimya ule ulimsumbua diwani kuliko zomeazomea.

Hatua ya sita: Lisikilize jibu jinsi linavyotoka

Historia yetu ina mifano ya majibu ambayo yaliumiza imani kuliko fedha zenyewe. Mwaka 2008 Waziri Andrew Chenge aliulizwa kuhusu akaunti ya nje ya nchi iliyokuwa na zaidi ya dola milioni moja, na neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa "vijisenti". Alijiuzulu uwaziri Aprili mwaka huo. Hakutiwa hatiani kwa fedha hizo, lakini neno lilibaki katika lugha ya mitaani. Lilibaki kwa sababu mkulima anayeuza gunia la mtama alijipima kando ya neno hilo akajiona hana uzito wowote. Kiongozi anayekebehi ukubwa wa fedha anakueleza jinsi anavyokuona wewe, na hiyo nayo ni taarifa.

Mwaka 2014 Bunge lilikaa hapa Dodoma kujadili fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, akaunti maalumu ya Benki Kuu iliyoshikilia malipo ya umeme yaliyokuwa na mgogoro, mwezi wa Novemba, na nchi nzima ikasikia majina ya viongozi waliokuwa wamepokea mamilioni kutoka kwa mfanyabiashara mmoja. Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, alieleza kwamba shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Uteuzi wake ulitenguliwa Desemba 2014. Mbunge William Ngeleja, ambaye naye alipokea fedha kutoka chanzo hichohicho, alitangaza Julai 2017 kwamba anarejesha serikalini shilingi milioni 40.4. Sitoi hukumu hapa juu ya nia ya mtu. Nakuomba uangalie aina za majibu: mmoja anaeleza fedha ilikwenda wapi, mwingine anairudisha baada ya miaka. Hakuna kati ya majibu hayo linaloondoa swali la msingi, ambalo ni kwa nini mfanyabiashara ampe kiongozi fedha nyingi kiasi hicho. Fedha ikiingia katika shule njema bado imepitia mkono wa mtu mwenye madaraka, na aliyeitoa bado anamjua aliyempa.

Kwa hiyo unapolisikiliza jibu, jiulize kama limejibu swali lililoulizwa au la jirani yake. Ukiuliza chanzo cha fedha ukajibiwa matumizi yake, hujajibiwa. Ukiuliza mwaka ukajibiwa kwamba maadui wa kisiasa wamekutuma, hujajibiwa pia, ingawa inawezekana kweli kiongozi huyo ana maadui. Jibu la "hiyo ni mali ya mke wangu" linafungua swali jingine kwa kuwa mali ya mke nayo inatamkwa. Na kiongozi anayesema "sina kumbukumbu hapa, nipeni wiki mbili nilete karatasi" asizomewe; hilo ni jibu zuri, mradi wiki mbili zikifika karatasi zije.

Hatua ya saba: Peleka jambo panapohusika

Kama majibu hayatoshi, njia zinagawanyika kulingana na lile swali ulilotenganisha mwanzoni. Suala la tamko la uongo, mgongano wa maslahi au zawadi lipeleke Sekretarieti ya Maadili. Sekretarieti inaweza kuchunguza na shauri likafikishwa mbele ya Baraza la Maadili, chombo kinachoongozwa na mtu mwenye hadhi ya jaji, kama ilivyotokea mwaka 2015 kwa baadhi ya waliotajwa katika Escrow. Usiende ukitarajia pingu. Hatua zinazofuata kwa kawaida ni za kiutawala, kama vile onyo, kushushwa cheo au kuondolewa katika nafasi, na Baraza lenyewe linapendekeza kwa mamlaka husika.

Pale ambapo mali imezidi kipato kwa namna isiyoelezeka, au ambapo kuna dalili za rushwa, nenda TAKUKURU au piga namba ya bure 113. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 kinaiwezesha TAKUKURU kumtaka mtumishi wa umma aeleze mali aliyonayo, na kushindwa kueleza kunaweza kuwa kosa la jinai. Ile hesabu ya hatua ya tatu ndiyo inayofaa kwenda nayo hapo, ikiwa imeandikwa vizuri pamoja na kila makadirio uliyofanya. Mtoa taarifa kwa nia njema analindwa na sheria ya mwaka 2015 inayohusu ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi, na ni busara kuuliza mapema, kabla ya kutaja jina lako, jinsi utambulisho wako utakavyohifadhiwa.

Hatua ya nane: Chunga simu yako

Hapa nitasema kwa ufupi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kundi la WhatsApp la mtaa linatosha kukufikisha huko. Barua iliyogongwa muhuri na swali lililoulizwa mkutanoni ni salama zaidi kuliko picha ya nyumba ya mtu yenye maandishi mekundu. Taarifa za benki za mtu zilizovujishwa usizisambaze hata kama unaamini ni za kweli. Zipeleke kwa wachunguzi. Kumbuka pia kwamba Ibara ya 13 ya Katiba inamlinda kila mtu asihesabiwe kuwa na kosa kabla halijathibitishwa, na ulinzi huo utauhitaji na wewe siku moja.

Hatua ya tisa: Amua kiasi cha imani

Mahakama ina hukumu mbili, mwananchi ana nyingi zaidi. Si lazima uthibitishe wizi ndipo upunguze imani, na wala si lazima umwamini mtu kwa yote kwa sababu hajakutwa na hatia. Unaweza kuendelea kumwamini diwani katika kusimamia ujenzi wa madarasa na wakati huohuo ukadai kwamba asikae katika kamati inayopitisha malipo ya wazabuni.

Hilo ndilo tulilolifanya. Diwani alileta mkataba wa mkopo wa lori na taarifa ya marejesho, tukaupiga hesabu mbele ya watu, pengo likawa dogo na likaelezeka kwa mauzo ya zabibu za shamba la baba yake. Ghorofa la Iyumbu lilikuwa la mtu mwingine kabisa mwenye jina linalofanana. Lakini swali la mama lilipofika, alikaa kimya kwa muda, kisha akakiri kwamba lori lilikuwa limebeba kokoto za mradi wa zahanati kwa safari kadhaa kupitia fundi aliyepewa kazi, na kwamba hakuwahi kulitaja jambo hilo kikaoni. Alisema haoni ubaya kwa sababu bei yake ilikuwa chini kuliko ya wengine. Mzee mmoja akamjibu, "Baba, bei hatujaiuliza."

Mkutano uliazimia mambo mawili, na mtendaji akayaandika katika muhtasari: lori lisibebe mzigo wa mradi wowote wa kata hadi mwisho wa kipindi chake, na diwani awasilishe suala hilo mwenyewe kwa maandishi Sekretarieti ya Maadili ndani ya siku 30. Siku ya 26 alituletea nakala ya barua yenye muhuri. Mama yule aliisoma yote, akairudia aya ya pili ambako safari za kokoto zilikuwa zimeandikwa kuwa nne, akauliza kama si sita. Akaambiwa ni sita. Barua ikarudishwa, ikarekebishwa.